Ramani ya Shamba Isiyokataliwa: Mwongozo Kamili wa Kupima Mashamba ya Kahawa na Kakao kwa Soko la Ulaya

Vyama vingi vya ushirika na wasafirishaji hutuma faili la mashamba kwa mnunuzi wa Ulaya, kisha faili linarudi. Shamba hili liko baharini. Lile limepanda juu ya shamba la jirani. Jingine lina ukubwa wa hekta 0.0000008. Mengine kadhaa yanaonekana yamo ndani ya msitu ilhali kila mtu kijijini anajua ni kahawa ya zamani. Karibu makosa yote haya yanatokana na mambo machache yanayojirudia, na mengi hayaponyeki mezani. Yanaponyeka shambani tu.

Mwongozo huu ni wa anayenunua kwa wakulima wadogo na kutakiwa atoe mahali halisi pa kila shamba chini ya Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, maarufu kwa jina la EUDR.

## Matakwa yenyewe, kwa ufupi

Kanuni inagusa bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, mafuta ya mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na vitu vinavyotengenezwa kutokana nazo. Kwa kahawa na kakao, shikilia haya:

- Mzigo usitoke kwenye ardhi ambayo msitu wake ulifyekwa kupisha kilimo baada ya tarehe 31 Desemba 2020.
- Uzalishwe kwa kufuata sheria za nchi ulikotoka: haki ya kutumia ardhi, mazingira, kazi, kodi na nyinginezo.
- Kila shamba lioneshwe kwa latitudo na longitudo zenye angalau tarakimu sita baada ya nukta ya desimali.
- Shamba linalozidi hekta 4 lazima lichorwe mpaka wake wote. La hekta 4 au chini yake linaweza kuwakilishwa na nukta moja.

Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mbele mara mbili. Sasa ni 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati, na 30 Juni 2027 kwa ndogo na ndogo kabisa. Usizihesabu tarehe hizo kama muda wako wa kazi, kwa sababu mnunuzi hutaka faili kabla hajasaini mkataba wa msimu.

## Mahitaji

- Simu janja yenye GPS, moja kwa kila mpimaji. Zinazopokea mawimbi ya masafa mawili (L1 na L5) hufanya vizuri zaidi chini ya miti.
- Betri ya akiba ya angalau mAh 10,000 kwa kila simu.
- Programu ya kukusanyia taarifa: KoboToolbox au ODK Collect. Zote mbili hufanya kazi bila intaneti.
- Kompyuta yenye QGIS, programu ya kuchora na kukagua ramani, ambayo ni ya bure.
- Daftari la wakulima lililosafishwa (angalia hatua ya 1).
- Fomu ya ridhaa ya mkulima, kwa lugha anayoielewa.
- Rangi au utepe wa kuwekea alama kona ambazo hazina mti, jiwe wala uzio.

Mpimaji mmoja na mtu anayezijua njia za kijiji wanatosha kuwa timu. Watu wengi kwa simu moja hupunguza kasi.

## Hatua ya 1: Safisha daftari kabla hujagusa simu

Mpe kila mkulima namba moja isiyobadilika, na kila shamba lake namba ndogo. Kwa mfano, KH-014-0327-2 ni kahawa, kijiji cha 14, mkulima wa 327, shamba la pili. Tumia herufi za kawaida, tarakimu na kistari basi. Alama za mkwaju, nafasi na herufi zenye vialama huvuruga faili baadaye.

Usitegemee majina. Kijiji kimoja kinaweza kuwa na watu wanne wenye majina mawili yaleyale, na mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa tahajia tatu. Ndipo shamba moja linapohesabiwa mara mbili na jingine linapopotea kabisa.

Kazi imekamilika pale ambapo kila jina lililopokelewa kwenye mizani msimu uliopita lina namba, na hakuna namba yenye watu wawili. Ukianza kupima kabla ya hapo, utalipa gharama ya kurudi.

## Hatua ya 2: Andaa fomu na simu

Kwenye fomu weka swali la aina ya geoshape, linalochora umbo na kulifunga lenyewe. Aina ya geotrace huchora mstari tu. Wengi huichagua kwa bahati mbaya, kisha wanabaki na mamia ya mistari iliyo wazi.

Maswali mengine yawe machache: namba ya shamba (ichaguliwe kwenye orodha, isiandikwe kwa mkono), mwaka zao lilipopandwa, aina ya haki ya ardhi, picha ya hati au ya barua ya uthibitisho, picha nne za shamba kwa pande nne, na ridhaa. Fomu ndefu huzaa majibu ya kubuni.

Kwenye simu, zima hali ya kubana betri, washa mahali kwa usahihi wa juu, na pakua picha za satelaiti za eneo zitakazotumika bila mtandao.

## Hatua ya 3: Tembea mpaka

Hapa ndipo faili linapofaulu au kufeli.

Pima kila shamba kwa mpaka, hata dogo. Kanuni inaruhusu nukta moja kwa mashamba madogo, na ruhusa hiyo inavutia kwa sababu inaokoa muda. Lakini anayekagua nukta kwenye picha ya satelaiti hana umbo la kuangalia. Mara nyingi huizungushia duara la hekta 4, yaani lenye nusu kipenyo cha takriban mita 113. Shamba la robo hekta linajikuta limebebeshwa eneo mara kumi na sita ya lake: nyumba za jirani, mto, hata kipande cha msitu kilichofyekwa na mtu mwingine kabisa. Mkulima anaonekana na kosa asilolifanya. Dakika kumi na tano za kuzunguka mpaka zinamkinga.

Zunguka zao, usizunguke urithi wa ukoo. Familia inaweza kuwa na hekta sita ambazo mbili tu ndizo za kakao, na zilizobaki ni mahindi, makaburi na kichaka kilimani. Pima hizo mbili. Ukizungushia zote, kichaka kikifyekwa kesho, kakao yote ya familia inaingia matatani.

Mwenye shamba awepo. Jirani anayepakana naye akiwepo pia, ni bora zaidi. Mpaka waliokubaliana wawili papo hapo hauleti mzozo kwenye kompyuta.

Utaratibu ni huu:

1. Anza kwenye kona iliyo wazi kuelekea angani. Simama dakika moja hadi mbili, ukitazama usahihi unaooneshwa na programu. Subiri ushuke hadi mita 5 au chini yake.
2. Chagua kurekodi kwa kubonyeza mwenyewe. Ukiiacha simu irekodi yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa, kila mnaposimama kuzungumza panatokea fundo la nukta zilizosongamana na kukatana.
3. Shika simu mbele ya kifua, kioo kikitazama juu. Mfukoni au mgongoni mwili wako unazuia mawimbi.
4. Weka nukta kwenye kila kona na kila mpaka unapopinda. Kwenye upande ulionyooka, nukta moja kila mita 20 hadi 30 inatosha. Shamba la nusu hekta la umbo la kawaida litahitaji nukta 8 hadi 15.
5. Kwenye kila kona simama sekunde tano kabla ya kubonyeza, ili simu itulie.
6. Usirudi kubonyeza tena kona ya kwanza. Geoshape hujifunga yenyewe. Ukibonyeza mita mbili pembeni mwa kona ya mwanzo, unatengeneza mkato mdogo unaofanya umbo zima likataliwe.
7. Hifadhi shamba hilo. Ndipo uende la pili.

Hilo la mwisho ni la kutiliwa mkazo. Mpimaji akisahau kufunga shamba la kwanza na kuendelea kutembea kwenda la pili, yanatokea mashamba mawili yaliyounganishwa kwa mkia mwembamba unaopita barabarani na katikati ya nyumba za watu. Kila shamba liwe na umbo lake.

### Usahihi ukigoma

Chini ya mivuli mizito, kwenye korongo au majani yakiwa yamelowa, usahihi unaweza kukwama mita 12 au 15. Usiukubali. Shamba la mita 50 kwa 50 ni robo hekta. Likikosewa mita 5 tu kuelekea nje kila upande, linakuwa mita 60 kwa 60, yaani hekta 0.36, ongezeko la asilimia 44. Ndiyo maana mashamba madogo huumia zaidi kuliko makubwa.

Sogea hatua mbili tatu hadi kwenye uwazi kati ya matawi, subiri dakika nyingine, kisha jaribu. Ikishindikana, tumia picha ya satelaiti uliyoipakua: tafuta mti, njia au paa linaloonekana, na weka kona kwa kidole huku mwenye shamba akithibitisha. Andika kwenye fomu kwamba kona hiyo imewekwa kwa picha.

Wala usidanganywe na tarakimu sita. Tarakimu ya sita inawakilisha takriban sentimita 11 ardhini, na hakuna simu ya kawaida inayofika huko. Kanuni inataka tarakimu hizo ziwepo ili namba zisikatwe njiani. Tarakimu nne peke yake zinakuacha na uwezekano wa kuhama mita kadhaa, na mbili zinaweza kukupeleka kijiji kingine.

## Hatua ya 4: Kagua jioni ileile

Kabla ya timu kuondoka kijijini, fungua mashamba ya siku hiyo juu ya picha ya satelaiti. Tazama mambo matatu: umbo linafanana na shamba, halijaruka mto au barabara, na ukubwa unakaribiana na alioutaja mkulima.

Kwenye ukubwa, chunga vipimo. Hekta 1 ni ekari 2.47, hivyo hekta 4 za kanuni ni karibu ekari 10. Mkulima akisema "nane", muulize nane za nini. Wapo waliochukua nukta moja kwenye shamba la hekta nane kwa kudhani ni ekari, na mzigo wake wote ukakosa sifa.

Tofauti ikizidi asilimia 20 kati ya kauli na kipimo, rudi ukaangalie. Mara nyingi mkulima hukadiria kwa miche au kwa siku za kulima, na simu ndiyo iko sahihi. Lakini kuna siku kipande kizima kimesahauliwa nyuma ya nyumba.

Kisha chagua shamba moja kati ya kila ishirini na limpime mtu tofauti, bila kuonesha kipimo cha kwanza. Mipaka miwili ikipishana sana, tatizo ni la mpimaji, na ni heri ulijue siku ya pili kuliko mwezi wa pili.

## Hatua ya 5: Safisha kwenye QGIS

Shusha data kutoka KoboToolbox moja kwa moja kama GeoJSON (aina ya faili la ramani), usipitie Excel. Excel ni mzuri kwa hesabu za mizani, lakini kwa viwianishi (namba za latitudo na longitudo) huleta balaa za aina tatu: hupunguza desimali kimyakimya, hubadilisha nukta kuwa mkato kulingana na lugha ya kompyuta, na mtu akipanga safu upya kwa alfabeti, kona za shamba hubadilishana mfuatano na umbo linageuka nyota.

Ukilazimika kupitia jedwali, jua kwamba Kobo huandika latitudo kwanza, kisha longitudo, mwinuko na usahihi. GeoJSON hutaka longitudo kwanza. Kosa hili ndilo linalotupa mashamba baharini, na namna linavyojionesha hutegemea mahali:

- Shamba la Dak Lak, Vietnam, lililo karibu na latitudo 12.7 na longitudo 108.0, likigeuzwa linapata latitudo 108. Hakuna latitudo inayozidi 90, kwa hiyo mfumo unalikataa palepale. Hilo ni afadhali.
- Shamba la Huila, Kolombia, karibu na 2.0 na -76.0, linahamia Antaktika.
- Shamba la Ivory Coast lililo kwenye 6.5 na -6.5 linatua katikati ya Atlantiki.

Kusahau alama ya kutoa mbele ya latitudo kwa mashamba ya kusini mwa ikweta ni ndugu wa kosa hilo. Shamba linaruka ng'ambo ya ikweta, na pengine linaangukia nchi nyingine yenye kahawa, ambako hakuna wa kulishtukia.

Baada ya kuhakikisha mashamba yote yako nchi yake, fuata mpangilio huu kwenye QGIS:

1. Tumia zana ya "Remove null geometries" kuondoa safu zisizo na umbo. Andika namba zake, maana hayo ni mashamba ya kurudiwa.
2. Tumia "Remove duplicate vertices" kuondoa nukta zilizorudiana mahali pamoja.
3. Endesha "Check validity". Itakutolea orodha ya maumbo yanayojikata.
4. Rekebisha kwa mkono yale unayoweza kuyaona kosa lake. "Fix geometries" itumie kwa yaliyobaki, na ulinganishe ukubwa kabla na baada. Umbo linalojikata kama tarakimu 8 likirekebishwa na mashine hugawanyika vipande viwili, na huenda hakuna hata kimoja kinachofanana na shamba.
5. Kagua mashamba yanayopishana kwa "Topology Checker".

Kuhusu kupishana, tenganisha makundi mawili. Kupishana kwa mita mbili hadi tano mpakani ni tabia ya GPS. Sogeza mstari hadi uguse wa jirani. Kupishana kwa zaidi ya asilimia 10 ya shamba kunamaanisha ama shamba limepimwa mara mbili kwa namba tofauti, ama wawili wanadai ardhi ileile. Usilikate kwa kompyuta. Likiwa ni mgogoro wa mpaka, ni suala la uhalali wa matumizi ya ardhi, na kulificha kwenye ramani hakuliondoi. Rudisha namba zote mbili kijijini.

Sasa ukubwa. Kwenye kikokotoo cha safu andika `$area / 10000` kupata hekta, faili la mradi wa QGIS likiwa limewekewa duaradufu ya WGS 84 (umbo la dunia linalotumiwa na GPS). Ukitumia `area(@geometry)` kwenye data ya digrii, unapata digrii za mraba, na hekta moja karibu na ikweta inasomeka 0.0000008. Hiyo ndiyo siri ya zile namba za ajabu.

## Hatua ya 6: Toa faili

Bofya kulia kwenye tabaka, chagua kuhifadhi, kisha weka: aina ya faili GeoJSON, mfumo wa viwianishi EPSG:4326, COORDINATE_PRECISION 6, na RFC7946 iwe YES. Usipoweka 6, QGIS huandika desimali hadi 15 na faili linavimba bure. Mfumo wa Ulaya unaopokea taarifa hizi una kikomo cha MB 25 kwa faili.

Shamba moja lililoandikwa sawasawa linaonekana hivi:

```
{
 "type": "FeatureCollection",
 "features": [{
  "type": "Feature",
  "properties": {
   "ProducerName": "KH-014-0327",
   "ProducerCountry": "CO",
   "ProductionPlace": "KH-014-0327-2",
   "Area": 0.60
  },
  "geometry": {
   "type": "Polygon",
   "coordinates": [[
    [-76.051234, 2.012345],
    [-76.050534, 2.012345],
    [-76.050534, 2.013045],
    [-76.051234, 2.013045],
    [-76.051234, 2.012345]
   ]]
  }
 }]
}
```

Soma nukta ya kwanza na ya mwisho: ni zilezile. Bila hivyo umbo halijafungwa. Nchi inaandikwa kwa herufi mbili za kimataifa, si kwa jina. Mahali pa jina la mkulima, mnunuzi akikubali, weka namba ya usajili. Orodha yenye majina, ukubwa wa ardhi na mahali nyumba ilipo haifai kuzagaa kwenye barua pepe.

Kabla ya kutuma, ingiza faili hilohilo kwenye QGIS mpya isiyo na kitu. Likifunguka, likatua kwenye picha ya satelaiti mahali pake, na idadi ya mashamba ikawa ile ya daftari, umemaliza hatua hii.

## Hatua ya 7: Linganisha na msitu wa 2020

Usimwachie mnunuzi kazi hii. Akilikuta tatizo yeye kwanza, atalifuta shamba bila kuuliza. Ukilikuta wewe, una nafasi ya kulieleza.

Anza na Whisp, zana ya bure ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Unapandisha GeoJSON yako, nayo inalinganisha kila shamba na ramani nyingi za misitu kwa pamoja, kisha inakupangia yasiyo na shaka, yanayohitaji maelezo zaidi, na yenye hatari.

Yatakayopigiwa kengele yatakuwa mengi kuliko unavyotarajia. Usitishike. Kahawa na kakao hukua chini ya mivuli, na kamera iliyo angani inaona kilele cha mti, haioni mche ulio chini yake. Ramani ya Tume ya Ulaya ya misitu ya mwaka 2020, ambayo kila kipande chake kina upana wa mita 10, hukosea papo hapo. Nayo ni ya kusaidia tu, si hukumu.

Kanuni yenyewe inasema msitu ni ardhi inayozidi hekta 0.5, yenye miti inayozidi mita 5 na vilele vinavyofunika zaidi ya asilimia 10, isipokuwa ardhi inayotumika zaidi kwa kilimo. Mazao yaliyopandwa chini ya mivuli yanahesabiwa kuwa kilimo. Kwa hiyo kahawa ya mivuli iliyokuwepo mwaka 2020 haikuwa msitu, hata ramani ikiipaka kijani.

Kuthibitisha hilo unahitaji ushahidi wa shamba hilohilo:

- Picha ya Sentinel-2 (satelaiti za Ulaya) ya miezi ya mwisho ya 2020, na nyingine ya sasa, mpaka wa shamba ukiwa umechorwa juu ya zote mbili. Mawingu yakizidi, tafuta ya mapema 2021 au ya katikati ya 2020.
- Picha za zamani za Google Earth Pro, ambazo mara nyingi huonesha mistari ya miche waziwazi.
- Picha nne ulizopiga wakati wa kupima, zikionesha mashina. Shina nene la kahawa haliwezi kuwa la juzi.
- Stakabadhi za mizani za kabla ya 2021 zenye namba au jina la mkulima.

Kuna kengele nyingine ya uongo inayosumbua sana: kahawa iliyokatwa mashina ili ichipue upya, au kakao ya zamani iliyong'olewa na kupandwa tena. Kutoka angani huonekana kama ufyekaji. Kung'oa zao na kupanda zao kwenye shamba lilelile si kufyeka msitu. Weka tarehe ya kazi hiyo kwenye kumbukumbu na picha ya mashina yaliyochipua.

Kengele ikiwa ya kweli, kubali mapema. Kibali halali cha kufyeka kutoka serikali ya nchi yako hakisaidii hapa. Kama msitu uligeuzwa shamba baada ya 31 Desemba 2020, mzigo wake hauingii Ulaya. Na usijaribu kukata kona iliyofyekwa ukabakiza sehemu safi: ufyekaji ndani ya shamba moja unaharibu mavuno yote ya shamba hilo. Ondoa namba yake kwenye orodha, mweleze mkulima sababu ana kwa ana, na mavuno yake yapokelewe kwa magunia na stoo tofauti kwa soko jingine.

## Hatua ya 8: Funga njia kutoka mizani hadi kontena

Ramani safi haina thamani kama gunia halijulikani limetoka wapi. Kanuni hairuhusu kuchanganya mzigo unaojulikana na usiojulikana kisha kugawa kwa hesabu za makaratasi. Gunia moja la mitaani likimwagwa kwenye rundo, rundo zima limechafuka.

Kwenye mizani, stakabadhi iwe na namba ya shamba, tarehe, uzito na namba ya fungu. Kila fungu lianzie hapo na libebe namba yake hadi kukobolewa, kufungashwa na kupakiwa.

Weka kikomo cha mavuno kwa kila shamba. Katika nchi nyingi mkulima mdogo wa kahawa hupata kati ya kilo 300 na 1,000 za kahawa iliyokobolewa kwa hekta, na inahitajika kilo 5 hadi 6 za matunda mabivu kupata kilo moja. Shamba la hekta 0.5 likileta kilo 1,500 za matunda, ni kama kilo 250 hadi 300 safi. Hilo linaingia akilini. Likileta kilo 6,000, linadai mavuno ya kilo 2,000 hadi 2,400 kwa hekta. Ama kipimo cha shamba ni kibaya, ama mtu anapitisha kahawa ya wengine kwa namba yake. Kwa kakao ya wakulima wadogo, kilo 300 hadi 600 za punje kavu kwa hekta ndiyo hali ya kawaida.

Wanunuzi wa kati ndio tundu kubwa. Anayekusanya kwa pikipiki kutoka kaya ishirini lazima alete stakabadhi ishirini, la sivyo mzigo wake uende stoo tofauti.

Hesabu ya kujipima: kontena la futi 20 hubeba magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200. Kama wastani wa shamba ni kilo 250 safi, fungu hilo lazima liwe na mashamba yapatayo 77. Ukiona fungu la kontena zima lina mashamba 20, kagua upya. Likiwa na mashamba 900, umetuma orodha ya chama kizima badala ya ya fungu. Hapo mnunuzi atalazimika kubeba dhamana ya mashamba yote 900, na moja likiwa baya, linavuta kontena zima.

## Hatua ya 9: Kabidhi kifurushi

Kwa kila fungu mpe mnunuzi:

- faili la GeoJSON la mashamba ya fungu hilo tu;
- jedwali la namba ya shamba, kilo zilizopokelewa na tarehe za kuvuna;
- jina la bidhaa na namba ya forodha (0901 kwa kahawa, 1801 kwa punje za kakao);
- nchi ya uzalishaji, na jina na anwani ya muuzaji;
- nyaraka za uhalali, zikiwemo za haki ya ardhi na kodi;
- maelezo na picha za kila shamba lililopigiwa kengele kwenye hatua ya 7.

Anayewasilisha tamko kwenye mfumo wa Ulaya ni yule anayeingiza mzigo sokoni huko. Tamko likikubaliwa mfumo hutoa namba ya kumbukumbu. Mwombe akutumie, kisha iandike kwenye daftari lako mbele ya namba ya fungu. Nakala za kila kitu zitunzwe angalau miaka mitano, sehemu mbili tofauti, moja ikiwa nje ya kompyuta ya ofisi.

Msimu ujao huna haja ya kupima upya yote. Pima wakulima wapya, mashamba yaliyouzwa, kugawanywa kwa urithi au kupanuliwa, na yale yaliyorudishwa na mnunuzi. Mengine yapitishe tena hatua ya 7 kabla ya mizani kufunguliwa.